Gari Lililooga Kila Asubuhi

Mume wangu ni bwana afya. Kwa zaidi ya nusu ya ndoa yetu amezunguka vijiji vya Kilosa, kuanzia Masanze hadi Kimamba, akiwaambia watu wachimbe vyoo, wachemshe maji na wafukie madimbwi kabla mbu hawajazaliana. Kinga ni bora kuliko tiba. Maneno hayo ameyasema mara nyingi kiasi kwamba binti yetu mdogo aliyatamka vizuri kabla hajajua kusema "naomba uji." Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani nazungumzia mjinga. Mume wangu alikuwa mtaalamu. Wajinga huuliza.

Miaka michache iliyopita tulinunua gari. Lilikuwa dogo, jeupe, la otomatiki, na lilikuwa limeshatumiwa na watu wengine ambao hatukuwahi kuwaona. Alilifuata mwenyewe Morogoro, na aliporudi alianza kupiga honi tangu kule stesheni, hivi kwamba alipofika nyumbani mtaa mzima ulikuwa umeshatoka nje ukidhani kuna msiba au harusi. Mchungaji wetu alikuja jioni ileile, akaweka mkono juu ya boneti, akaliombea. Nakumbuka vizuri, kwa sababu kwa muda wa mwaka mzima baada ya hapo hakuna mtu mwingine aliyeigusa boneti ile kwa nia ya maana.

Si kwamba gari halikutunzwa. Lilitunzwa kuliko mimi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mume wangu alikuwa nje amekunja suruali, ndoo mbili za maji pembeni, sabuni ya unga kwenye kikombe, na mswaki wa zamani kwa ajili ya kusugulia rimu. Viti vilikuwa na nailoni vilivyokuja nayo, naye hakuitoa. Juu yake akashonesha kava za kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, zikabana vizuri kama soksi mpya, na mikanda yote ya nyuma ikabaki chini, imelala huko kama mifupa ya watu wa kale. Kwenye kioo cha mbele aliandikisha, kwa herufi za dhahabu, kwamba Mungu ndiye dereva. Watoto walitakiwa wagonganishe viatu mlangoni mpaka vumbi liishe. Mimi niliyemzalia watoto hao nilikuwa nafuta nyayo kabla ya kuingia, na kanga yangu ikikaguliwa kama ina unga.

Jirani yetu, ng'ambo ya ua wa michongoma, alikuwa dereva wa treni mstaafu. Mzee mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuamka alfajiri kana kwamba bado kuna treni inamsubiri. Kila asubuhi alisimama pale na kikombe chake cha chai ya rangi, akimtazama mume wangu akisugua. Alimtazama hivyo wiki nyingi. Kisha siku moja akasema.

"Mwanangu, hilo gari unaliosha vizuri sana."

"Shikamoo mzee. Asante sana."

"Marahaba. Chini ya hilo bati umeshapaangalia?"

"Bati lipi?"

"Boneti. Oili, maji, mafuta ya breki. Sisi kichwa cha treni hakikutoka stesheni kabla ya kukizunguka na kukikagua. Hata kama jana kilikuwa kizima."

Mume wangu akacheka. Alikuwa na cheko lake maalumu kwa wanavijiji wanaosema malaria inaletwa na maembe.

"Lakini mzee, ninyi mlikuwa na njia moja tu. Hata usukani hamkuwa nao."

"Ndiyo," mzee akasema, akanywa chai. "Ndiyo maana tulijifunza kusimama."

Mume wangu alinisimulia maneno hayo wakati wa chakula kama kichekesho. Nikacheka naye. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilicheka.

Mvua za masika zilipokwisha, gari likaanza kupiga kelele. Kila alipokanyaga breki, kulitoka mlio kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria kwa kijiko cha chuma. Mume wangu akasema ni vumbi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi. Nilijua kwamba vumbi haliwezi kunyamaza barabara nzima likasubiri mguu wa mtu uguse breki ndipo lilie. Nilijua, na nikaendelea kutazama dirishani. Yeye akaongeza sauti ya redio, na kweli, mlio ukapungua.

Kisha ikawaka taa. Ilikuwa nyekundu, ndogo, ya mviringo, na katikati yake kulikuwa na alama ya mshangao. Haikuzimika. Siku ya kwanza aligonga dashibodi kwa kidole, kama mtu anayegonga saa ya ukutani. Siku ya pili alisema magari ya Kijapani yana wasiwasi mwingi. Siku ya tatu nilipoingia ndani ya gari sikuiona ile taa. Mahali pake palikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, kimekatwa kwa mkasi kwa ustadi mkubwa. Mtu aliyewahi kumfukuza mama lishe sokoni kwa kufunika kidonda badala ya kukitibu ndiye aliyekata plasta ile.

"Ilikuwa inanichoma macho," akasema.

Jioni hiyo nilienda kwa mzee wa treni. Nilijifanya napeleka mboga.

"Taa nyekundu yenye alama ya mshangao maana yake nini?" nikamuuliza.

"Maana yake simama," akasema. "Ama mafuta ya breki yamepungua, ama pedi zake zimeisha, ama vyote. Taa nyekundu haijawahi kumaanisha nenda, mwalimu. Hata kwenye reli."

Akanikalisha, akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtu atakayefanya mtihani. Pedali ikizama siku moja, usipige kelele, pampu haraka haraka. Shusha gia, la otomatiki lina herufi, iko moja ya L, hiyo ndiyo ya kulibana. Breki ya mkono vuta kidogo kidogo, ukiivuta yote kwa mkupuo mtazunguka. Halafu tafuta kitu laini.

"Kitu laini?"

"Cha kugonga. Ukuta si kitu laini. Mti si kitu laini. Mtu ndiyo kabisa hagongwi."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akauliza kama mzee yule ana leseni ya gari. Hakuwa nayo. Mjadala ukafungwa.

Mwaka huo binti yetu mkubwa alipata kipaimara. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Ruaha kwa basi, akakaa nasi wiki mbili. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mjane, aliyelima miwa tangu mgongo wake ukiwa umenyooka, na hapendi maneno mengi. Tatizo ni kwamba kila alipofungua mdomo alimsifu mdogo wake mume wangu, yule mwenye pikipiki, anayempeleka shamba na kanisani. Mume wangu alivumilia mpaka siku ya kumi na tatu. Ndipo akatangaza kwamba mama harudi kwa basi. Atarudishwa na mwanawe mkubwa, kwa gari lake, mpaka mlangoni.

Jumamosi asubuhi gari likaogeshwa kuliko siku zote. Mzee wa treni alikuwa kwenye ua wake na kikombe chake. Kwenye buti tuliingiza gunia la mahindi, mikeka miwili, sanduku la mama, ndoo ya mafuta ya alizeti na jogoo wawili waliofungwa miguu, mpaka nyuma ikashuka kama ng'ombe anayetaka kulala. Nikauliza kama matairi yana upepo wa kutosha kwa mzigo ule.

Mume wangu akalisogelea tairi moja, akalipiga teke.

"Hili hapa," akasema.

Huo ndio ukaguzi uliofanyika. Matairi mengine matatu yalipita bila mtihani.

Tulikaa hivi: yeye kwenye usukani, mimi mbele nimempakata binti mdogo, nyuma mama na binti mkubwa. Tafadhali soma tena. Mimi, mwalimu, nilikuwa nimempakata mtoto wa miaka mitano kiti cha mbele, kifua chake kikiwa baina yangu na dashibodi. Kama mtu angeniuliza, ningesema nimemshika vizuri. Kila mzazi wa Kilosa husema hivyo, kana kwamba mikono yetu imetengenezwa kiwandani.

Njia ilikuwa na vumbi na mawe, tukaenda polepole. Tulipofika kijiji cha Ulaya mume wangu akatoa utani wake wa siku zote, kwamba familia yetu imefika Ulaya bila pasi ya kusafiria. Mama hakucheka. Breki zililia kwenye kila tuta, na redio ilikuwa juu kabisa, kwaya ikiimba, mpaka binti mkubwa akaziba masikio.

Mikumi, pale barabara kuu ya malori, tukasimamishwa na askari wa usalama barabarani. Alikuwa dada mdogo tu, sare imenyooka, uso hauna mchezo. Alimwamkia mama shikamoo kwanza, akaitikiwa, ndipo akamgeukia mume wangu.

"Leseni, mkuu."

Akapewa.

"Kizimamoto?"

Kikatolewa kizimamoto, bado kimo kwenye nailoni yake, kama zawadi ya harusi ambayo haijafunguliwa. Dada akasoma tarehe, akatikisa kichwa. Kisha akainama, akachungulia ndani, akaniona mimi na mtoto.

"Mama, huyo mtoto mbele hapo ni mtoto au ni mto wa kujikinga?"

Nikamshika mtoto kwa nguvu zaidi.

"Mkigonga kitu, yeye ndiye atakayekugongea. Ahamie nyuma. Na nyuma mikanda iko wapi?"

"Ipo," mume wangu akasema.

"Naomba kuiona."

Mume wangu akaeleza, kwa lugha ya kiofisi, kwamba mikanda ipo ila kwa sasa iko chini ya kava kwa sababu za usafi. Dada askari akamwangalia muda mrefu kidogo. Nadhani kazi yake imemkutanisha na visingizio vingi, lakini hicho cha usafi kilikuwa kipya.

"Itoeni. Hamuondoki hapa bila mikanda."

"Dada, kava zimeshonewa kabisa. Labda tukifika…"

Hakumaliza. Nyuma yetu tulisikia kitambaa kikichanika. Mama mkwe alikuwa ametoa kwenye kikapu chake kisu cha kumenyea miwa, na alikuwa anapasua kava ya damu ya mzee kutoka juu hadi chini, pamoja na nailoni yake, kwa utulivu wa mtu anayetumbua samaki. Alichana upande wake, akachana na upande wa binti mkubwa, akachana na katikati. Mume wangu alifumba macho. Mikanda ikatoka, imejikunja, mipya kabisa.

Dada askari akamfunga mama mkanda kwa mikono yake mwenyewe, juu ya kanga. Mama akalalamika kwamba unambana kama deni la mtu, lakini akaukubali. Binti mdogo akakalishwa katikati juu ya mkeka uliokunjwa ili mkanda umpate vizuri. Mimi nikafunga wangu. Mume wangu akafunga wake mwishoni, huku akitazama kwenye kioo vipande vya kava vinavyoning'inia.

Tukaacha barabara kuu, tukashika njia ya Ruaha. Ilikuwa lami, na lami ndiyo iliyomrudishia mume wangu furaha. Akaongeza mwendo. Ile njia ina vilima na kona, unapanda, unashuka, unapanda tena, na yeye kila mteremko alikanyaga breki tangu juu mpaka chini bila kuachia, kama mtu anayeminya chunusi. Baada ya kilima cha tatu mama akavuta pumzi kwa pua.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni malori, mama. Breki zao."

Mama akageuka nyuma, akatazama mbele. Hapakuwa na lori lolote.

Mteremko wa mwisho kabla ya mashamba ya miwa ulikuwa mrefu. Tulikuwa karibu katikati nilipouona mguu wa mume wangu ukienda chini na kubaki chini. Aliuinua, akakanyaga tena. Ukazama, hauna kitu, kama mtu anayekanyaga matope. Alichofanya, na Mungu ni shahidi yangu, alizima redio. Kwa mara ya kwanza tangu masika tukalisikia gari letu, na lilikuwa kimya kabisa.

"Baba," mama akasema kutoka nyuma, "mbona tunakwenda hivi?"

"Naokoa mafuta, mama."

Mbele, chini kabisa, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Hawakuwa wawili watatu. Lilikuwa kundi zima, na mfugaji wake mwenye fimbo akitembea katikati bila haraka.

Ndipo nikapiga kelele. Mzee aliniambia nisipige, nikapiga.

"Pampu! Pampu mguu! Weka L!"

"L iko wapi?"

Mwaka mzima alikuwa ameisugua gia ile kwa kitambaa laini, na hakujua L iko wapi. Nikanyoosha mkono, nikaivuta mwenyewe. Gari likanguruma, likainama mbele kama limeshikwa mkia. Nikaishika breki ya mkono, nikaivuta kidogo, nikaiachia, nikaivuta. Mwendo ulipungua, lakini ng'ombe walikuwa wanakuwa wakubwa haraka mno. Honi! Mfugaji aligeuka, akatuona, akaanza kuwachapa ng'ombe wake pembeni. Nyuma binti mkubwa alikuwa anamwita bibi yake.

"Miwa!" nikasema. "Ingia kwenye miwa!"

Kushoto, chini ya tuta dogo la udongo, shamba la miwa lilikuwa limesimama, refu, la kijani, zito. Namshukuru kwa hili: hakubisha. Alikata usukani, tukaruka lile tuta, na dunia yote ikawa majani yanayochapa vioo na sauti ya maelfu ya vijiti vinavyovunjika. Mkanda ulinikata bega. Jogoo wakapiga kelele buti nzima. Kisha tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Nitaandika tena: hakuna aliyeumia. Mama alikuwa na alama ya mkanda shingoni, binti mkubwa alijiuma ulimi, na mdogo, akiwa ameshikwa vizuri katikati ya vile vitambaa vilivyochanika, aliuliza kama tumefika kwa bibi.

Mume wangu alifungua mlango, akasukuma miwa, akaenda mbele ya gari. Niliona anaifuta boneti kwa kiganja, mara mbili, kama ilivyokuwa desturi yake. Akakaa chini kwenye majani, akaweka mikono juu ya kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Matusi yalikuwa yameshapangwa, mazuri, ya mwaka mzima. Nikajikuta nimekaa naye.

Mama akatoka, akajinyoosha kanga, akasimama mbele yetu sisi wawili. Kwanza alisema naye kwa lugha ya kwao, chini chini, na sikujua alichosema. Kisha akageukia Kiswahili, ili nami nipate fungu langu.

"Ulijua?"

"Nilijua kidogo, mama."

"Kidogo kivipi?"

"Kulikuwa na taa."

"Ukaifanyaje?"

"Nikaifunika."

Akanigeukia. "Na wewe, mwalimu? Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukafanyaje?"

"Nilisema mara moja. Halafu nikanyamaza."

"Basi mmepatana," akasema. "Mmoja kafunika taa, mwingine kafunika mdomo."

Yule mfugaji alikuja na jamaa yake. Walikuwa watu wa kanda ya ziwa waliohamia bonde lile siku nyingi, wakarimu kupita kiasi kwa watu ambao nusura wawasagie mali. Alitupa pole, akauliza kama watoto wazima, akalizunguka gari. Hakutaka kusikia habari ya kusubiri trekta. Alirudi na ng'ombe wanne wa kulimia na mnyororo, akalifunga gari letu jeupe, lenye Mungu wake dereva kwa herufi za dhahabu, akalivuta kutoka kwenye miwa kinyumenyume kama jembe. Watu walishakusanyika. Wengine walipiga picha kwa simu.

"Ng'ombe wako wana nguvu," mume wangu akamwambia, kwa kukosa la kusema.

"Wana nguvu," mfugaji akajibu. "Asubuhi kabla hatujatoka nawaangalia kwato wote. Ng'ombe mwenye jiwe kwenye kwato hafiki malishoni."

Hakukusudia kumchoma, naamini. Alikuwa anaeleza kazi yake tu. Lakini nilimwona bwana afya akitazama chini.

Mwenye shamba alikuja pia, mama mmoja wa makamo, jembe begani. Kumbe anasali kanisa moja na mama mkwe, na wakakubaliana mambo ya miwa iliyovunjika wao wenyewe, hatua kumi kutoka tuliposimama, bila kutushirikisha, kama vile watu wazima huzungumza pembeni watoto wanapovunja kitu. Mama mkwe alifika nyumbani kwake kwa pikipiki ya yule mwanawe mdogo. Alipopanda hakutazama nyuma.

Fundi alitoka Ruaha na mfuko wake wa spana. Alifungua gurudumu la mbele, akatoa kipande cha chuma chembamba kama sarafu iliyosuguliwa, akakiweka kwenye kiganja cha mume wangu.

"Hii ndiyo ilikuwa pedi," akasema. "Imeisha zamani. Mmekuwa mkisimamisha gari chuma kwa chuma. Na mafuta ya breki yaliyobaki yamechemka." Kisha akaingia ndani ya gari, akawasha swichi, akaona plasta, akaibandua kwa ukucha. Chini yake taa nyekundu ilikuwa inawaka. "Gari lilikuwa linawaambia. Mnalifunga mdomo?"

Tulilala Ruaha siku mbili. Tuliporudi Kilosa, mume wangu alienda mwenyewe kwenye ua wa michongoma. Nilisikia kutoka jikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Nimeliacha kwa fundi. Anabadilisha breki zote, na matairi mawili ya mbele."

"Afadhali," mzee akasema. "Sasa umeanza kulipenda."

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mume wangu amekuwa mnyenyekevu. Amekuwa mhubiri. Siku hizi kwenye mikutano ya vijiji, baina ya vyoo na maji ya kuchemsha, ameingiza kipengele cha usalama wa vyombo vya moto. Anawaambia wenye pikipiki wakague breki kila asubuhi, wapime upepo wa matairi yakiwa ya baridi, wasipakie watoto mbele ya tangi. Yote ni ya kweli, na watu wanamsikiliza. Kinachonikera ni hadithi anayoitumia. Katika hadithi hiyo gari lilipata hitilafu ya ghafla, isiyotabirika, na dereva, kwa utulivu na utaalamu, aliweka gia ya L akachagua shamba la miwa. Mke wake yumo kwenye hadithi. Anapiga kelele.

Mara ya kwanza kuisikia, kanisani, kwenye kikundi cha wazazi, nilikohoa. Nilikohoa mpaka mtu akaniletea maji. Tangu hapo nikiwepo anaifupisha.

Na mimi nilijifunza kuendesha. Sitaki kujifanya malaika: wiki ya kwanza niligonga nguzo ya geti nikirudi nyuma, kwa sababu nilikuwa namtazama kuku badala ya kioo. Lakini kabla ya kila safari mzee wa treni alinisimamia kwenye ua wake, kikombe mkononi, mpaka nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakisoma. Maji niliyaangalia injini ikiwa ya baridi, maana rejeta ikifunguliwa ikiwa ya moto inakutemea usoni. Taa za nyuma nilizikagua kwa kumwomba binti mkubwa asimame nyuma aseme "inawaka, haiwaki." Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Kava za viti hatukushonesha tena. Binti mdogo ana kiti chake chenye mikanda, na ameshakimwagia kila aina ya juisi inayouzwa Kilosa.

Nikiendesha kwenda Ruaha, mume wangu hukaa kushoto kwangu. Anajitahidi asiseme kitu. Lakini kila mteremko naona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu tupu, kwa nguvu zote, mpaka goti linanyooka. Kapeti upande wake imeanza kuchakaa. Nimefikiria kumwambia kwamba hakuna pedali pale, nikaona nimwache; angalau sasa anakanyaga mapema.

Mama mkwe naye ana masharti yake. Hapandi gari letu mpaka boneti ifunguliwe mbele ya macho yake. Inafunguliwa. Anajifunga kanga vizuri, anainama, anachungulia ile mitambo yote, mabomba, waya, betri, bila kujua hata kimoja kinafanya nini. Anamtazama mwanawe. Ananitazama mimi. Halafu anasema, "Haya, funga," na anakwenda kukaa nyuma, anajivuta mkanda mwenyewe.